Mikwaruzo ya Kawaida Tu

Siku nakabidhiwa ile Noah, mwenyewe aliizunguka mara moja akiipiga bodi kwa kiganja kama anayechagua tikiti maji sokoni. Bampa la nyuma lilikuwa na mkwaruzo unaokwenda kushoto kulia kama njia ya siafu, na kwenye kona limefungwa na kile kibanio cheusi cha plastiki cha kufungia nyaya. Nikauliza.

"Aah, bosi wangu, hiyo mikwaruzo ya kawaida tu. Hatuihesabu."

Nikaona aibu kutoa simu na kupiga picha mbele ya mtu aliyeniita bosi. Nikalipa shilingi 120,000 kwa siku, mara tatu, na dhamana juu yake, nikasaini karatasi niliyoisoma jina langu tu.

Safari ilikuwa ya Korogwe, harusi ya shemeji. Tumepita Chalinze salama, tumefika Mkata, nikaona tuta, nikapunguza mwendo kama raia mwema. Aliyekuwa nyuma yangu hakuliona, au aliliona akalidharau. Bodaboda, na tenga la kuku nyuma. Kishindo chenyewe hakikuwa cha maana. Kelele za kuku ndizo zilizofanya kijiji kizima kidhani basi limepinduka.

Kabla sijafungua mlango wataalamu walishafika. Sijui hukaa wapi wakisubiri. Mmoja: "Usisogeze gari, trafiki hajapima!" Mwingine: "Sogeza, mzee, malori haya hayana breki!" Wa tatu keshavunja matawi ya mwarobaini anayapanga barabarani, wakati pembetatu zangu mbili nzuri ziko kwenye buti, chini ya masufuria ya mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe alikuwa ameinama, anamwita kuku aliyekimbilia uvunguni mwa gari kwa sauti ya upole ambayo mimi sijawahi kuitwa nayo.

Kijana wa boda alichubuka goti, basi. Nikamwambia twende polisi tukachukue PF3, akatibiwe. Akatikisa kichwa. "Mzee, tuyamalize hapahapa." Wenzake, walioongezeka kutoka wawili hadi kama ishirini kwa muda wa kuvaa kiatu, wakaitikia kama kwaya: yamalizeni hapahapa. Kuyamaliza maana yake, nikaja kuelewa, ni mimi niliyegongwa nyuma kumlipa aliyenigonga fidia ya kuku.

Lingekuwa gari langu ningetoa, naapa. Jua la saa saba, watoto wana njaa, harusi ni kesho. Lakini gari la watu ukiliyamalizia barabarani huna karatasi ya polisi, na bila hiyo karatasi watu wa bima hawafungui hata faili. Mwenye gari naye anabaki na mtu mmoja tu wa kumdai, yule aliyesaini. Nikakaza shingo: aitwe trafiki.

Huku tunasubiri nikampigia mwenye gari. Nikamwambia tumepata ajali ila tunamshukuru Mungu, wote wazima.

"Sawa. Gari ikoje?"

"Tumetoka salama, watoto pia."

"Nimekusikia, bosi. Nauliza gari."

Afande akaja na futi yake ndefu ya kamba. Akapima, akachora ramani ambayo Noah ni kisanduku na pikipiki ni kijimstari, kuku hawamo. Akaandika maelezo yangu, akachukua leseni, akatazama bima. Ya boda ilikwisha zamani, hata kijana mwenyewe alishangaa kusikia aliwahi kuwa nayo. Akaja kwenye yetu. Mimi niliambiwa "gari ina bima", na sikuuliza bima gani, kama mtu anayeambiwa chakula kipo bila kuuliza ni nini. Ilikuwa bima ndogo: inamlipa utakayemgonga, bampa lako ni shauri lako. Halafu akasoma mstari wa chini.

"Hii imekatwa kwa matumizi binafsi. Gari lako hili?"

"La kukodi, afande."

"La kukodi? Na namba ya njano?"

Uvunguni kukanyamaza. Kisha ikatoka sauti ya mama mkwe, bado kamshika kuku mguu: "Ni la kukodi?"

Maana ukoo wote ulikuwa umeshatangaziwa kwamba mkwe analeta gari lake. Sikuutangazia mimi. Nilichokosea ni kutokanusha. Kutoka Mkata hadi Korogwe hakuna aliyesema neno ndani ya ile Noah, isipokuwa bampa, lililokuwa likigonga kwa kila tuta.

Siku ya kurudisha, mwenye gari alikuja na tochi, saa kumi jioni. Akachuchumaa nyuma, akawa anapitisha kidole kama anasoma Braille. Akahesabu saba. Nikamkumbusha ile ya kawaida. "Kawaida ipi?" akasema. "Gari ilitoka hapa kama yai."

Ndipo nikakumbuka mke wangu alipiga picha asubuhi ya safari, pale Mbezi, kabla hatujaondoka. Picha kumi na nne. Nikazipekua mikono ikitetemeka. Katika kumi na tatu mama mkwe amesimama mbele ya bampa na gauni la sare, mkono mmoja juu ya gari, kafunika kila ushahidi kwa upana wa furaha yake. Ya kumi na nne ameinama kufunga kiatu. Juu ya bega lake, wazi kabisa, siafu wanapita na kibanio cheusi kipo mahali pake.

Nikaikuza picha, nikampa simu. Akaitazama muda mrefu.

"Dhamana nitakurudishia nusu," akasema. "Na huyo mama mwambie asiegemee rangi."