Namna ya Kupandwa na Hasira Bukhungu Bila Kufutwa Kazi

Kocha, umekabidhiwa timu ya Ligi Kuu hapa Kakamega, inayochezea uwanja wa Bukhungu, hongera. Mbinu za mpira utajifunza polepole, hakuna haraka. Hasira ndiyo inayotakiwa Jumamosi hii. Usidanganywe na wanaosifu utulivu. Kocha mtulivu akifungwa matatu, mashabiki husema hajali. Kocha aliyetupa koti chini akifungwa matatu yale yale, husemwa ana uchungu na timu. Na uchungu, mkubwa wangu, ni rahisi kununua kuliko mshambuliaji.

1. Jua unamfokea nani. Wachezaji hawakusikii, ngoma za isikuti zinapigwa. Refa anakusikia lakini ameshaamua. Hadhira yako imekaa jukwaa kuu, penye kivuli: mwenyekiti wa klabu, mdhamini, waheshimiwa wa kaunti. Kwa hiyo unapolalamika, geuka nusu. Mkono uelekee uwanjani, uso uelekee kivulini.

2. Soma orodha ya bei. Tangu 2019, sheria za mpira zinamruhusu refa kumwonyesha kocha kadi kama mchezaji. Makofi ya kejeli ni njano. Kurusha au kupiga teke chupa ni njano, mradi isiingie uwanjani. Kutoka makusudi kwenye eneo lako ukamfokee refa ni nyekundu. Ukitaka onyesho la kati, la mtu mwenye familia, chukua chupa.

Na chupa ina ufundi wake. Iwe ya maji, nusu. Iliyojaa itakuvunja kidole, maana leo umevaa viatu vya ngozi kwa ajili ya kamera. Tupu haifiki popote: upepo utairudisha miguuni pako, na watu wa Bukhungu wataisimulia hadi Krismasi. Nusu basi, kifuniko kimelegezwa, maji yatawanyike vizuri kwenye jua la saa kumi. Kwanza hakikisha yule kijana anayeokota mipira hayuko mbele yako. Mama yake yuko jukwaani, na huyo hana kadi ya njano.

Kuna kifungu kimoja ambacho makocha wengi hawakisomi. Kosa likitendeka kwenye benchi na mkosaji asijulikane, kadi inamwendea kocha mkuu aliyepo pale. Kwa hiyo msaidizi wako mwenye mdomo asiwe mwoga wa kujificha nyuma ya wachezaji wa akiba. Awe mrefu, asimame wazi, atukane kwa sauti inayotambulika. Kocha wa makipa anafaa sana.

3. Andaa visingizio mapema, wakati akili imetulia. Kakamega mvua hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo mbingu zimekufanyia nusu ya kazi. Ikinyesha, ni tope. Isiponyesha, ni uwanja mgumu na vijana wamezoea tope. Ukifungwa na AFC Leopards kwenye Ingo Derby, lalamika kwamba ulicheza ugenini nyumbani kwako. Utakuwa karibu kusema kweli, kwani nusu ya mji huu ilizaliwa ikishabikia Ingwe, yaani Leopards, kabla ya kujua kutembea.

Kazi ngumu ni pale usipokuwa na wa kulaumiwa. Mwaka 2022 Kakamega Homeboyz walimaliza ligi sawa kwa pointi na Tusker, kombe likaenda kwa Tusker kwa tofauti ya mabao. Tofauti ya mabao utaipigia kelele gani? Haina kipenga, haina kabila, haikulala hotelini na wapinzani. Hapo rudi nyuma kwenye msimu, utafute penalti moja uliyonyimwa, uitaje kila wiki mpaka ionekane ilikuwa tano.

Jambo jingine: usiende Khayega kutazama mafahali wakipigana siku ya mechi. Fahali akishindwa hugeuka akaenda zake. Haiti waandishi. Ni mfano mbaya kwa wenye taaluma.

4. Kumpa mkono kocha mwenzako baada ya mechi: ukishinda, mkumbatie muda mrefu kuliko anavyotaka. Ukishindwa, mpe vidole viwili huku ukitazama gari la timu.

5. Chagua wa kumtukana. Refa ni salama, amezoea. Shabiki usimguse. Luc Eymael, Mbelgiji aliyewahi kuifundisha AFC Leopards, akiwa kocha wa Yanga ya Tanzania aliwatolea mashabiki wake maneno machafu Julai 2020, na klabu ikamfukuza mara moja. Wakubwa pia waache. Adel Amrouche, akiwa kocha wa Tanzania kwenye AFCON, Januari 2024, alisema Morocco ina ushawishi mkubwa mno ndani ya CAF. Alifungiwa mechi nane, na mashirikisho ya nyumbani yana tabia ya kukumbuka ghafla kwamba hayakujui: TFF nayo ikamsimamisha mashindano yakiendelea.

6. Huyo huyo Amrouche, hata hivyo, ndiye mwalimu wetu katika somo kubwa kuliko yote, kwa hiyo vua kofia. Mwaka 2014 akiwa na Harambee Stars ya Kenya, CAF ilimfungia mwaka mzima kwa madai ya kumtemea mate afisa katika mechi ya Comoro, mwenyewe akikana. Agosti timu ikatolewa na Lesotho, naye akafutwa kazi. Wewe ungefikiri mambo yameishia hapo. Hapana. Alikuwa na mkataba mrefu. Akaenda FIFA, kesi ikazunguka miaka, na kufikia 2020 Kenya ilikuwa ikitishiwa kuondolewa katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2022 isipomlipa zaidi ya shilingi milioni 100.

Kwa hiyo kabla hujagusa chupa yoyote, rudi ofisini kwa mwenyekiti na mkataba wako. Ongea taratibu, tabasamu, kunywa chai utakayopewa. Omba miaka mitano, omba kifungu cha fidia, na uhakikishe imeandikwa mshahara unalipwa tarehe ngapi. Akisita, mwambie wewe ni mtu mpole sana.