Farasi 190 kwenye foleni ya Mbagala

Siku hizi nyumbani kwangu hakuliki ugali kwa amani. Mpwa wangu ameshikwa na pikipiki ya Suzuki Hayabusa. Hana, na kwa kibarua anachofanya hatakuwa nayo leo wala mwakani, ila anaijua kuliko anavyomjua babu yake, yaani baba yangu mimi. "Mjomba, cc 1,340! Mjomba, nguvu za farasi 190!" Mboga inapoa.

Sikatai, chombo ni chombo. Ilipotoka mwaka 1999 hakukuwa na pikipiki ya dukani iliyoikaribia; ilivuka kilomita 300 kwa saa. Wakubwa wa Ulaya wakakunja ndita, watengenezaji wakaogopa kupigwa marufuku, wakaelewana chinichini: mwisho 299. Nadhani ile moja waliyoikata ndiyo iliyokuwa ikiua watu.

Kinachonikera ni biashara ya kuuziwa nguvu pamoja na mlinzi wa kukunyima nguvu hiyohiyo. Toleo la 2021 lina kompyuta ya kuzuia tairi la nyuma lisiteleze, ngazi 10. Ipo ya kuzuia la mbele lisinyanyuke, ngazi 10 nyingine. Ipo hata ya kujiwekea mwenyewe kikomo cha mwendo! Na hao farasi toleo lililotangulia walikuwa 197. Saba sijui wamechinjwa wapi. Unatoa hela ya kiwanja na nyumba upate farasi, ndani ya bei hiyohiyo umo na ujira wa kamba za kuwafungia. Bodaboda wa kijiwe chetu hana kompyuta. Yeye anazuiwa na cheni iliyolegea, bure.

Haya, tuingie barabarani. Sheria yetu inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Dude hili lina gia sita, na ya kwanza peke yake inapita 100. Kwa hiyo utatoka Posta mpaka Mbagala gia tano zimelala fofofo, kilo 264 zimekuegemea mguuni kwenye foleni, injini inakuchoma mapaja, na konda wa daladala anakupigia kelele usogee. Hapo bado hujakutana na matuta ya mtaani kwetu, yale ambayo kila mwenye nyumba anajijengea lake kwa urefu anaoutaka.

Nilimuuliza kijana: gunia la mkaa litakaa wapi? Mishikaki utapakiaje? Akaniangalia kama nimemtukania mchumba. Mke wangu alipoonyeshwa picha ya siti ya nyuma aliuliza kama abiria wake ni paka.

Ninyi mlionazo, sina ugomvi nanyi. Hela zenu, farasi wenu. Ila ile ekzosi iliyotoka kiwandani irudisheni mahali pake, maana mnapita na hiyo mliyobadilisha saa nane za usiku, na sisi wengine saa kumi na moja tunaamkia daladala.