Gari Limekwisha: Mwongozo wa Kushindwa kwa Heshima

Gari lako limepata ajali. Wewe umetoka mzima, lenyewe limelala kwenye uwanja wa gereji, pua imeingia ndani, rejeta imemwaga maji yote. Kila anayepita ana ushauri. Jirani anasema litanyooka. Mwenzako kazini anasema uza leo leo. Shemeji anasema anamjua mtu. Wasikilize wote kwa adabu, kisha njoo huku pembeni tuongee. Mwongozo huu haukurudishii gari. Unakufundisha kulipoteza vizuri, hasara iwe ndogo na uso wako ubaki mahali pake.

Tukubaliane kwanza. Gari la mtu wa Dar es Salaam si chombo cha usafiri tu. Ni namba D au namba E inayosomwa na mtaa mzima, ni nafasi ya kuegesha mbele ya ukumbi wa harusi, ni sababu ya kuitwa "bosi" na muuza vocha. Kinachokuchelewesha kuamua ni aibu ya kurudi kwenye mwendokasi ukiwa umevaa tai. Aibu hiyo ni ya kibinadamu, usiikane. Tutaihudumia, na hesabu itafuata.

1. Funga mdomo siku tatu

Usimwambie mtu yeyote "natengeneza". Ukishalitamka neno hilo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, utaanza kulitetea kwa pesa. Akikuuliza mtu, mjibu: "Tunashukuru Mungu, watu wazima." Jibu hilo ni la kweli, na hakuna anayeweza kuliendeleza kwa swali la pili bila kuonekana hana utu.

Siku hizo tatu zina kazi. Kama kuna aliyeumia, fomu ya PF3 na hospitali vinatangulia kila kitu. Ripoti ajali polisi, na usiondoke bila kujua utaipata lini ripoti ya trafiki na ya mkaguzi wa magari. Kisha piga picha: pande nne, bodi, dashibodi inayoonyesha kilomita, tairi moja moja, betri, redio, spea tairi, jeki. Zipige kabla fundi hajaligusa gari, na mwenye gereji akuone ukizipiga. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mahali mali huisha bila habari haraka kama kwenye uwanja wa gereji.

2. Soma bima yako kabla hujamlilia mtu

Kama una bima kubwa, ile ambayo kwa kawaida huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari, toa taarifa mara moja na usiguse kitu. Mthamini wa kampuni lazima alikute gari likiwa vilevile. Ukilinyoosha bonneti kidogo ili lipendeze, umeharibu ushahidi wako mwenyewe.

Kampuni ikiona kulitengeneza ni ghali kuliko thamani yake, itakulipa kama gari lililokwisha, na mabaki yatakuwa yake. Ukiyataka mabaki, uliza yanakatwa shilingi ngapi kwenye malipo yako, na upewe jibu kwa maandishi. Usisaini hati ya malipo ya mwisho kwa sababu tu umechoka kwenda ofisini kwao. Ukiona unapunjwa, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kazi yake ni malalamiko ya namna hiyo.

Kama una bima ndogo peke yake, usijidanganye. Ile inamlinda uliyemgonga. Gari lako halimo. Ila kama mwenzako ndiye mwenye kosa na ripoti ya polisi imesema hivyo, dai lako linaanzia kwenye bima yake. Chukua namba yake ya gari na taarifa za bima yake siku ileile, maana kesho simu yake itakuwa haipatikani.

3. Mlipe fundi asiyepata kazi

Huu ndio mkato mkubwa kuliko yote. Fundi anayetarajia kulitengeneza gari lako hawezi kukwambia limekwisha, kwani ada ya shule ya mwanawe imo humo. Tafuta mwingine wa mbali, mpe nauli na fedha yake ya mkononi, umwambie mapema: "Fundi, kazi hii sikupi. Nakulipa unieleze ukweli." Utashangaa atakavyobadilika.

Simama pembeni yake umtazame. Fundi mzuri haanzi na taa zilizovunjika. Anafungua milango minne na kuifunga taratibu, anasikiliza kama inaingia au inakwama. Anapitisha kidole kwenye nafasi kati ya mlango na bodi, juu na chini, aone kama upana ni uleule. Analala chini na futi kamba, anapima kwa mshazari: kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana, chesisi imepinda. Kwenye gari dogo kama IST, Vitz au Passo, bodi na chesisi ni kitu kimoja, kwa hiyo hakuna kubadilisha moja ukaacha nyingine.

Mwulize na erbegi. Zikishafumuka, hazikunjwi zikarudi. Zinabadilishwa, pamoja na kompyuta yake na mara nyingi mikanda ya viti vya mbele, ambayo ilijikaza wakati wa mgongano na haitajikaza tena. Fundi akikwambia ataziba dashibodi kwa gundi na kuizima taa ya onyo, mshukuru na uondoke. Huyo anakuuzia rangi, hakuuzii gari.

Na hapa pana faraja kwa moyo wako. Ile pua haikuingia ndani kwa sababu gari ni bati la Mjapani lisilo na nguvu. Ilitengenezwa ijikunje. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz alibuni wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950: sehemu za mbele na nyuma zibonyee zimeze kishindo, chumba cha abiria kibaki kigumu. Kila kilichobonyea mbele yako kilipokea pigo lililokuwa linakuja kifuani mwako. Gari limeshafanya kazi yake kubwa kuliko zote. Halina deni na wewe.

4. Andika namba tatu kwenye karatasi moja

Namba ya kwanza: gari likishatengenezwa, litauzika bei gani? Usiandike bei ya gari safi. Andika bei ya gari lililopata ajali, kwa sababu mnunuzi atakuja na fundi wake.

Namba ya pili: gharama ya kulitengeneza. Chukua makadirio ya fundi uongeze theluthi, maana kuna vitu havionekani mpaka pua ifunguliwe.

Namba ya tatu: bei ya kuliuza leo kama lilivyo.

Tuchukue mfano. Kabla ya ajali lingeuzwa milioni 12. Likitengenezwa litauzika milioni 9. Kulitengeneza ni milioni 6, ukiongeza theluthi ni 8. Kwa hiyo jasho lako lote na miezi yako yote gereji vinakuachia milioni moja. Wanunuzi wa mabaki wanakupa milioni 3 leo. Uza. Huhitaji kikao cha familia, wala ndoto ya kukuelekeza.

Ukiona moyo unaanza kuongeza namba ya nne, inayoitwa "lakini nimelizoea", ivute karatasi umpe mkeo au mumeo aisome kwa sauti. Namba hiyo haivumilii kusomwa kwa sauti.

5. Waite wanunuzi watatu siku moja

Mmoja awe mfanyabiashara wa spea za mtumba, wa Ilala kwa mfano. Mwingine awe fundi anayenunua magari mabovu ayafufue. Wa tatu awe wa skrepa, mwenye mizani. Wape saa tofauti, nusu saa nusu saa, wapishane getini. Mtu wa spea akimwona wa pili anaingia, bei yake itapanda bila wewe kusema neno.

Usimtumie dalali kabla hujajua bei. Dalali si adui, ila ana cha juu chake, na cha juu kinatoka mfukoni kwako. Mtu wa skrepa ndiye sakafu ya bei: ananunua kilo za chuma tu, kwa hiyo asiuziwe gari ambalo injini yake bado inawaka. Na heri nusu shari kuliko shari kamili: bei ya leo unayoiona ndogo itakuwa kubwa baada ya masika moja, tairi zikishapasuka, betri ikishakufa na panya wakishakula nyaya.

6. Ukitaka kulikata, likate kwa mpango

Kuuza spea moja moja huleta fedha nyingi kuliko kuuza kwa mkupuo, kama una uwanja na subira. Anza na vinavyotafutwa: injini na giaboksi, kompyuta, taa nzima, milango isiyoguswa, saiti mira, rimu. Usiyasahau masega yaliyomo kwenye bomba la moshi. Yana madini ya thamani, platinamu na paladiamu, na kuna watu wanatembea mitaani wakiyanunua kwa wasiojua bei yake. Uliza bei sehemu mbili kabla hujayatoa.

Jiwekee tarehe ya mwisho, kisha kinachobaki kiende kwenye mizani. Bila tarehe, uwanja wako unageuka gereji, na wewe unageuka muuza spea aliyekataa kujitangaza.

7. Uza bati, usiuze jina lako

Hapa sina mzaha hata kidogo. Atakuja mtu ambaye halitazami gari. Swali lake la kwanza ni "Kadi ipo?" na bei yake itakuwa nzuri kuliko za wote. Mwogope. Kadi na vibao vya namba vya gari lililokufa ni nguo ya kulivisha gari la wizi. Siku likikamatwa, jina litakalosomwa kituoni ni lako.

Kama gari linauzwa ili lirudi barabarani, andikeni mkataba wenye namba ya chesisi, namba ya injini na picha za vitambulisho vyenu, kisha mhamishe umiliki TRA kabla halijatoka getini. Ukiliacha kwa jina lako, faini za trafiki zitaendelea kulifuata jina hilo. Kama linakatwa, ng'oa vibao uondoke navyo, upeleke na kadi TRA, uombe lifutwe kwenye daftari la magari.

8. Ukilitengeneza, litengeneze kweli

Kuna magari yanayostahili kufufuliwa: chesisi imenyooka, erbegi zimelala, kilichoumia ni bampa, taa, bonneti na rejeta. Tengeneza bila woga. Nunua spea mwenyewe, risiti zibaki kwako, na mlipe fundi kwa hatua, kazi ikionekana.

Ila usilipake puti gari lililopinda ukamuuzia mtu. Najua vishawishi: rangi mpya, kapeti jipya, picha za jioni jua likiwa laini. Sumaku ndogo tu itakuumbua, haishiki penye puti nene. Na yule ambaye hakuja na sumaku atapakia watoto wake humo aende Morogoro, na pua ile haitajikunja mara ya pili kama ilivyokukunjia wewe. Mwambie mnunuzi lilipogongwa. Bei itashuka, utalala.

9. Sentensi moja ya kulinda uso

Sasa aibu yako. Ukiwa umeshauza, utaulizwa: "Gari liko wapi siku hizi?" Jibu kwa neno moja: "Nimeliuza." Usiongeze ajali, usiongeze gereji, usiongeze fundi aliyekula fedha. Neno hilo ni la kweli na lina heshima. Watu husikia mtu mwenye mipango. Lilinganishe na "liko gereji", jibu ambalo likifika mwezi wa nne kila mtu anajua maana yake, na watoto wa mtaani wameshaandika kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha nyuma.

Uzuri wa "nimeliuza" ni kwamba huwezi kulisema kabla hujauza. Basi acha majivuno yako yakusukume, maana miguu yake ina nguvu kuliko ya hesabu. Usipouza wewe, gari litauzwa hivyohivyo: betri mwezi huu, redio mwezi ujao, tairi baadaye, na fedha yote watapewa wengine. Andika zile namba tatu usiku wa leo, na wanunuzi wawe getini kabla ya Jumapili.