Uzamili wa A, E, I, O, U

Shangazi yangu alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wakubwa mnakumbuka: Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, walimu hakuna, basi waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki na kujifunzia kazi humo humo kazini. Watu wanawacheka mpaka leo. Lakini watoto wa shangazi walijua kusoma.

Mimi nina digrii, niko Uingereza, nasomea uzamili ili niruhusiwe kufundisha watoto wa miaka mitano. Nilipompigia kumweleza, alikaa kimya, kisha akauliza: "Baba, kwani ile digrii waliikataa?"

Hawakuikataa, ila walitaka ithibitishwe. Kisha wakataka ufaulu wa kidato cha nne wa Kiingereza, hesabu na sayansi. Anayekwenda kufundisha historia sekondari haulizwi sayansi. Wa chekechea anaulizwa.

Halafu kuna kusoma kwenyewe. Sisi tuliimba ba-be-bi-bo-bu, tukamaliza, tukaanza kusoma magazeti ya kufungia vitumbua. Huku sauti moja ina tahajia tano, na kila Juni watoto wa mwaka wa kwanza hupimwa kwa maneno 40, nusu yake hayapo katika Kiingereza chochote! Watu wazima wenye mishahara wameketi wakayatunga, na pembeni wakachora vijidudu vya sayari nyingine ili mtoto ajue kwamba hapa anasomeshwa upuuzi. Eti ndiyo njia ya kujua kama anaunganisha sauti au amekariri. Sasa mtoto anayependa vitabu ukimwekea "strom", anakusaidia kurekebisha, anasoma "storm", na alama inakwenda na maji.

Usiku naandika insha kuhusu wanasaikolojia Piaget na Vygotsky, pamoja na maandalio ya somo marefu kuliko somo. Mchana niko shuleni, maana sheria inataka siku zisizopungua 120 katika shule mbili au zaidi. Ukifika Januari, mapumziko ya dakika 15 ni shughuli ya zipu. Watoto 30, makoti 30, glavu moja haina mwenzake, yule aliyefungwa vizuri anataka chooni. Mwalimu mlezi yuko pembeni na kompyuta yake, anaandika kwamba muda wangu wa kubadilisha shughuli "unahitaji kuboreshwa". Vygotsky nimemsoma; habari za zipu hakugusia.

Kinachoniuma hasa ni hela. Kwa mwaka 2025/26, anayesomea kufundisha fizikia anaweza kupewa ruzuku ya pauni 29,000. Wa msingi ruzuku yake ni sifuri, na ada inaweza kufika pauni 9,535. Huyo mwanafizikia nani atamfundishia wanafunzi kusoma hilo neno "fizikia"? Shangazi alijifunza kazi huku analipwa, japo mshahara ulikuwa ukichelewa. Mimi nalipa ili nifunge zipu.

Kwa hiyo ndugu zangu mlioniingiza kwenye kundi la WhatsApp la mchango wa harusi, nimewaona, na ahadi yangu iko pale pale. Mshahara unaanza Septemba, nikipata kazi. Sogezeni harusi.