Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Rasilimali Watu

Kwa: Mkurugenzi wa Rasilimali Watu, Ghorofa ya Juu
Nakala: Masjala, kwa kuhifadhiwa na kusahauliwa

YAH: KUSHUSHWA KWA MAREKEBISHO YANAYOFAA HADI GHOROFA YA CHINI

Marekebisho yanayofaa ni mabadiliko ya vifaa, muda au utaratibu yanayomwezesha mtu mwenye ulemavu kuifanya kazi aliyoajiriwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unahesabu kumnyima mtu marekebisho hayo kuwa ni ubaguzi, isipokuwa pale yanapomtwisha mwajiri mzigo uliopita kiasi. Miongoni mwa wanaoyahitaji ni wafanyakazi wenye usonji, wenye disleksia na wale ambao umakini wao hautulii. Ulemavu wao hauonekani kwa macho, hivyo ofisini wamepewa majina mengine: mjeuri, mzembe, mvivu.

Mkurugenzi anastahili pongezi, kwani ofisi yake imeyatekeleza marekebisho hayo kikamilifu, tena bila semina elekezi. Mnufaika hadi sasa ni mmoja, naye ni Mkurugenzi.

La kwanza ni utulivu. Mtu mwenye usonji anaweza kuusikia mvumo wa kiyoyozi, simu ya jirani na soga za chai vyote kwa nguvu moja, na taa ya tyubu inayopepesa ikamchosha kabla ya saa nne asubuhi. Humfaa kiti cha pembeni, vizibo vya masikio au ruhusa ya kuvaa hedifoni. Mkurugenzi amepewa chumba chenye mlango, pazia na mtu wa kuwazuia wageni. Wa ghorofa ya chini akiomba kukaa pembeni huambiwa ajifunze kuchangamana.

La pili ni kumbukumbu. Mwenye tatizo la umakini hasahau miadi kwa dharau. Humsaidia kazi kubwa ikigawanywa vipande, kila kipande na tarehe yake, na akapatikana wa kumkumbusha. Mkurugenzi hukumbushwa na katibu muhtasi asubuhi, kabla ya kikao na mlangoni mwa kikao, wala utaratibu huo haujawahi kuitwa uzembe.

La tatu ni maandishi. Agizo la kwenye ngazi, "lile jambo lishughulikiwe kama kawaida", linaweza kumwacha mwenye usonji akijiuliza ni jambo lipi na kawaida ipi. Mwenye disleksia hutaabika na waraka mrefu wa herufi zilizobanana, ilhali akisomewa huelewa sawasawa na wenzake. Mkurugenzi huandaliwa dokezo la ukurasa mmoja, na macho yakichoka husomewa.

La nne ni taarifa ya mapema. Kuhamishwa meza au zamu ghafla kunaweza kumvurugia mwenye usonji wiki nzima. Ratiba ya Mkurugenzi haiguswi bila idhini yake.

La tano ni usaili. Mtoto wa pwani hufundishwa asimkazie mkubwa macho. Akikua, jopo humkata alama kwa kutolikazia macho. Kwa mwenye usonji kutazamana huko ni kazi ya ziada isiyohusiana na ujuzi wake. Jaribio la kazi yenyewe, na maswali yaliyotumwa mapema, hupima vizuri zaidi. Mkurugenzi, aliyeipata nafasi yake kwa uteuzi, hakupitia mtihani huo.

Ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kwa ofisi ya watu 20 jawabu ni mtu 0.6, na kipande hicho cha mtu kimekuwa adimu katika soko la ajira.

Tena wapo ambao hawajawahi kupimwa, na wapo waliopimwa wakaficha kwa kuogopa majina yaliyotajwa hapo juu. Kwa hiyo utaratibu ulio mwepesi ni kumpa kila anayeomba bila kudai cheti cha daktari, kama anavyopewa Mkurugenzi.

Gharama yake ni kiti kilichosogezwa, agizo lililoandikwa na vizibo vya masikio. Mengine yote yamo tayari ndani ya jengo. Kinachoombwa ni yashushwe, na kama lifti bado ni mbovu, yapitie ngazi.

Katika ujenzi wa taifa,
Ghorofa ya Chini