Heko, Sampuli Ndogo

Watu huisema vibaya sampuli ndogo. Eti haitoshi, eti haiaminiki. Wasemaji hao hawajawahi kuuza sukari.

Tuseme mfuko umeandikwa gramu 1,000. Mkaguzi anachukua mifuko mitano, anaipima mmoja mmoja: 990, 970, 1,005, 980, 985. Wastani, gramu 986. Mnunuzi asiyejua takwimu angepiga kelele kwamba kapunjwa. Mkaguzi amesoma, kwa hiyo anaanza kwa kumdhania muuzaji mema: nadharia tete yake ni kwamba wastani wa mifuko yote ghalani ni gramu 1,000 barabara. Anagawanya upungufu wa gramu 14 kwa kosa sanifu, kama 5.8 hivi, anapata 2.42. Kwa kipimo cha asilimia 5, sampuli ingekuwa kubwa, anayevuka 1.96 kakamatwa. Kwa mifuko mitano, mpaka ni 2.776. Muuzaji huyo, anakwenda zake.

Amshukuru William Sealy Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Majaribio ya kiwandani yalimpa data kiduchu, na kanuni za siku zile zilitaka data tele. Basi akatwaa vipimo vya urefu na vidole vya kati vya wahalifu 3,000, akaviandika kwenye vipande vya kadibodi, akavichanganya barabara, akavitenga vinne vinne, sampuli 750, apate kuona wastani wa watu wanne huweza kupotoka kiasi gani. (Mchango wa wahalifu katika takwimu haujaenziwa inavyostahili.) Matokeo yalitoka mwaka 1908 katika jarida la Biometrika kwa jina la Student, kwani kiwanda hakikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Baadaye R. A. Fisher aliisuka upya hesabu hiyo, nasi tukapata majedwali yanayomlinda muuzaji wetu.

Wakorofi hawakosekani. Watasema mnunuzi halalamikii kuzidishiwa, hivyo upimwe upungufu peke yake. Ukiwasikiliza, mpaka unashuka hadi 2.132 na muuzaji ana hatia kwa mifuko ile ile. Ndiyo maana inafaa swali litungwe na mtu mpole, ikiwezekana baada ya kuyaona majibu.

Wengine watadai mifuko iongezwe. Hapo tuiachie bajeti. Ikipimwa mitatu, mpaka unapanda hadi 4.303, ikipimwa miwili, 12.706, na hapo sukari inaweza kupungua kwelikweli kabla hesabu haijashtuka. Ukipimwa mmoja, ndiyo raha kamili: hakuna mwenzake wa kulinganisha naye, mtawanyiko haukadiriki, jaribio halifanyiki. Ripoti itaandika kwa uaminifu wote kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa upungufu. Ikifika gazetini, itakuwa imethibitika kitaalamu kwamba kila mfuko una gramu 1,000.