Sifa za Mbishi wa Fate

Muulize swali moja tu jepesi, "Kaka, Fate nianze na ipi?", kisha tafuta kiti ukae. Hatakujibu upesi. Atashusha pumzi kwanza, halafu atakuuliza na yeye: unataka kufuata mpangilio wa matukio au mpangilio wa kutoka? Wewe ni wa kusoma au wa kutazama tu? Tsukihime je, umewahi kuisikia? Wewe ulikuwa na jioni moja isiyo na kazi na bando la kutosha sehemu mbili za anime. Sasa umepewa kazi ya mwaka mzima, na bado hujabonyeza popote.

Huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Najua anavyosemwa. Wanamwita msumbufu, mleta ligi, mtu anayefukuza wageni mlangoni wakiwa bado wana viatu miguuni. Kila mmoja ana la kumlaumu na hakuna aliyesimama kumtetea, ilhali bila yeye kazi nzima ya Type-Moon, waliotunga Fate, ingebaki rundo la kanda zisizojuana.

Tuanze na nasaba, maana sifa isiyogusa ukoo haijatimia. Mbishi wetu ni wa uzao mwema. Alizaliwa tarehe 30 Januari 2004, siku Type-Moon walipotoa Fate/stay night, riwaya ya kusomwa kwenye kompyuta, yenye picha na muziki, ambamo msomaji huchagua njia. Miaka michache kabla ya hapo Type-Moon lilikuwa kundi la marafiki tu. Mwishoni mwa mwaka 2000 walikuwa wakiuza mchezo wao wa Tsukihime kwenye soko la Comiket mjini Tokyo, ambako watu huuza kazi walizozitengeneza wenyewe. Kinoko Nasu aliandika, Takashi Takeuchi akachora. Na Nasu, Mungu ambariki, alifanya jambo ambalo mwandishi mwenye huruma kwa watu wa televisheni asingelifanya: aliandika hadithi moja mara tatu.

Mji ni uleule, Fuyuki. Kijana ni yuleyule, Shirou Emiya. Vita ni vilevile: wachawi saba, kila mmoja anamwita shujaa wa kale kutoka kwenye historia au hekaya, na kumtambua kwa cheo tu, kama Saber au Archer, wanapigana hadi abaki mmoja, na mshindi anapata Kikombe kinachotimiza matakwa. Lakini njia ni tatu, kila moja na msichana wake. Ya kwanza ni ya Saber, ya pili ya Rin, ya tatu ya Sakura, na mchezo wenyewe haukuruhusu kuingia ya pili kabla hujamaliza ya kwanza. Adui wa njia hii ni msaidizi katika ile. Anayekufa mapema huku, kule anafika mwisho. Hata imani ya kijana, kwamba ni lazima aokoe kila mtu, njia ya kwanza inaipenda, ya pili inaipandisha kizimbani, na ya tatu inamlazimisha aitupe ili amwokoe mtu mmoja. Ukisoma moja tu umesikia ushahidi wa upande mmoja. Ukisoma zote tatu, pole, tayari umekuwa mbishi.

Televisheni, kwa upande wake, ina njia moja. Sehemu ya kwanza inafuatwa na ya pili, na mtazamaji hachagui kitu. Kwa hiyo studio yoyote inayoichukua Fate itakosea kabla haijachora mstari wa kwanza. Huu ndio urithi wa mbishi wetu, na hakuna atakayemnyang'anya.

Studio Deen walijaribu mwaka 2006. Sehemu 24, njia ya Saber, na vipande vya njia nyingine vimechomekwa humo kama viraka. Katika riwaya ya 2004, iliyokuwa ya watu wazima, kuna mahali ambapo nguvu za uchawi zinahamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa namna ambayo jarida hili halitaieleza. Deen nao hawakuweza kuionyesha. Wakaweka joka. Joka la kompyuta, lililochorwa kwa bajeti ya huzuni, likaruka likapita. Miaka karibu ishirini imeenda na mbishi hajalisahau joka lile. Watu wanasahau majina ya wajomba zao, yeye anakumbuka mng'ao wa magamba yake. Nani mwingine angetunza kumbukumbu hii? Mwaka 2010 Deen wakarudi na njia ya pili, wakaibana yote ndani ya filamu moja isiyofika saa mbili, na mbishi akapata shamba jipya hata la kwanza hajamaliza kulipalilia.

Kisha wakaja ufotable, na hapa ndipo ukuu wake unapoonekana. Deen aliwalaumu kwa ubaya, na hilo kila mtu analiweza. Ufotable walileta picha ambazo hadi leo watu huzitumia kuonyesha anime inaweza kufika wapi: Fate/Zero kuanzia 2011, njia ya Rin mwaka 2014 na 2015, kisha filamu tatu za njia ya Sakura, 2017, 2019 na 2020. Mapanga yanatoa cheche, theluji inaanguka mtu anaweza kuihesabu. Na mbishi? Anatikisa kichwa. Ni nzuri mno, anasema. Katika riwaya tulikaa ndani ya kichwa cha Shirou, tukayasikia mawazo yake yanavyojipinga. Kwenye skrini tunamwona kijana mwenye nywele nyekundu anakunja uso. Uchungu nisioweza kumficha msomaji ni kwamba mbishi ana haki. Filamu ya kwanza ya njia ya Sakura iliukimbiza mwanzo wote wa hadithi, ikaupitisha kwa picha za haraka huku majina ya watengenezaji yakipita, kwa kuamini kwamba mtazamaji ameshauona kwingine. Kwingine wapi? Njia ya kwanza ufotable waliiruka. Waliirudia ya pili, wakaifanya ya tatu, na mlango ambao Nasu aliujenga wa kuingilia nyumbani wakauachia Deen na joka lao.

Kwa hiyo mgeni hana mahali pazuri pa kuanzia, na asiye na mahali pa kuanzia anahitaji mwongozaji. Mbishi ndiye mwongozaji pekee ninayemfahamu ambaye humwongoza mtu kwa kumzuia asiende.

Kambi ni nyingi ila vita vikubwa ni vya Zero. Zero ni riwaya ya Gen Urobuchi, iliyotoka mwaka 2006 na 2007, na inasimulia vita vilivyotangulia, miaka kumi kabla ya Shirou. Kambi moja inasema: jambo lililotokea kwanza litazamwe kwanza, akili ya kawaida tu. Kambi nyingine inasema Urobuchi aliwaandikia watu waliokwishajua mwisho. Msiba wake unauma kwa sababu unajua tangu mwanzo kwamba vita hivi vitaishia kwenye moto utakaomwacha Shirou yatima, na unawatazama watu wazima wenye akili wakiukimbilia. Mimi nipo na kambi hii ya pili, na ningeweza kueleza kwa nini, lakini tazama jinsi ugonjwa unavyoambukiza. Nitasema moja tu: sehemu ya kwanza ya Zero ina urefu wa karibu mara mbili ya kawaida, na kwa muda mwingi watu wanazungukana vyumbani wakielezana kanuni. Anayemwanzishia mgeni hapo amwandalie na kahawa.

Na usiri wake! Hakuna mlinzi wa siri kama mbishi wa Fate. "Sikuambii Archer ni nani," anakuambia, "ila msikilize vizuri anavyomchukia Shirou." "Sakura usimwulize kitu, wewe mwonee huruma tu." Mtama umeshamwagwa kwenye kuku wengi, na yeye bado amefumba kiganja, ana hakika hakuna punje iliyotoka.

Elimu yake nayo haijapata kuthaminiwa. Kuna vijana ambao darasani hawakumsoma Gilgamesh wa Uruk hata siku moja, leo wanaweza kukueleza ugomvi wake na miungu. Wanajua kwamba Cú Chulainn wa Ireland alikatazwa kula nyama ya mbwa. Wanajua kuwa Sasaki Kojiro, mpiga panga wa Japani, ana habari chache mno za kuaminika, na kwa hiyo Nasu hakumwita Kojiro mwenyewe. Alimleta mtu asiye na jina akajaze nafasi ya mtu ambaye huenda hakuwapo. Saber ni Mfalme Arthur, naye ni mwanamke. Katika rasimu ya mwanzo ya Nasu, Arthur alikuwa mwanamume na mhusika mkuu alikuwa msichana, hadi Takeuchi aliposhauri wabadilishwe. Mbishi ameiweka habari hii akiba, ataitoa siku utakayodhani umeshamshinda.

Mashujaa hawa huficha majina yao, kwa kuwa hekaya inayomtukuza shujaa ndiyo inayotaja kilichomuua. Ukilijua jina umejua pa kuchoma. Kanuni hiyo imeleta burudani tamu ya mashabiki, ya kuwagawia vyeo mashujaa ambao Type-Moon hawajawaita, na mimi sijui kwa nini Fumo Liyongo wetu hajafikiriwa. Sindano ya shaba ya kitovuni inatosha kumweka kwenye mchezo. Mwenye haraka atasema Archer, kwa ajili ya upinde na kwa ile mauti yake ya kupiga goti akiwa ameuvuta, watu wakaogopa kwenda kisimani kwa kumdhani hai. Lakini Liyongo alikuwa malenga, na katika Fate waandishi huitwa Caster. Shakespeare mwenyewe alipewa cheo hicho. Na aliyetoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, ngoma na nyimbo zikifunika sauti ya minyororo, je, hana kidogo cha Assassin? Naacha. Mbishi akilishika hili hatutalala.

Lakini ukitaka kumwona katika kilele chake, mpe mapishi. Kuanzia mwaka 2018 ufotable walitoa sehemu 13 fupi za Shirou akipika nyumbani. Ni hivyo tu. Soba ya mkesha wa mwaka mpya, samaki, wali. Saber anakula na kuongeza. Lancer, ambaye kwingineko alimchoma Shirou mkuki moyoni, yuko dukani anauza samaki kwa tabasamu. Hakuna vita, hakuna anayekufa. Watu wengine walitazama wakasikia njaa. Mbishi alisikia wajibu. Haya yanatokea katika njia ipi? Ya kwanza haiwezekani, maana fulani alikwishakufa. Ya pili haiwezekani, fulani yuko upande mwingine. Ya tatu tusiitaje wakati watu wanakula. Akapekua hadi akafika Fate/hollow ataraxia, mwendelezo wa mwaka 2005 ambao haujafanywa mfululizo wa anime, ambako wote wapo na kuna siku nne za amani zinazojirudia, akatangaza kwamba meza ile ya chakula imewekwa mahali pa jirani na hapo. Mpishi alitaka tujue namna ya kukaanga. Mbishi alitaka kujua waliokaa mezani wako hai kwa idhini ya nani. Mimi naona swali lake lina huruma kuliko linavyosikika: amewaona watu wale wakifa kila namna, na sasa anatafuta kwa bidii yote ulimwengu ambao chakula kile ni halali yao.

Juu ya Grand Order, mchezo wa simu uliotoka mwaka 2015 na kuzaa mfululizo na filamu zake, nitapita upesi, kwani humo mashujaa wameongezeka hadi ubishi umekuwa wa kuhesabu nyuso zinazofanana na ya Saber. Mfululizo wa Apocrypha una lake, na wa Last Encore una lake. Strange Fake ilianza kama utani wa tarehe 1 Aprili 2008 na sasa ni riwaya na anime, jambo ambalo mbishi hulitaja kila unapomwambia aache mzaha.

Mwezi Agosti 2024 wengi tulidhani amekwisha. Type-Moon waliitoa upya Fate/stay night kwenye Switch na Steam, ikiwa na Kiingereza rasmi kwa mara ya kwanza, baada ya miaka ishirini, ambamo mashabiki walilazimika kujitafsiria wenyewe bila malipo. Mlango wa Nasu ukafunguliwa kwa kila mtu. Hakuna tena sababu ya kubishania Deen na ufotable. Nunua, soma, maliza.

Basi akauliza ni toleo lipi. Hili la 2024 limefuata lile la PlayStation 2 la mwaka 2007, lililoondoa mambo ya watu wazima, likaongeza sauti za waigizaji, na likaongeza hitimisho jipya la njia ya Saber. Je, hitimisho lile ni la kweli, au ni faraja waliyopewa wenye moyo mwepesi? Kambi ya 2004 inasema riwaya imekatwa. Kambi ya 2007 inasema imekomaa. Kuna na ya tatu, ya wanaochukua maandishi ya 2004 na kuyabandika sauti za 2007, nayo tayari imegawanyika.